Waliokwenda Mkonge

Historia ya Usharika huu haikamiliki pasipo kuwataja waliouacha. Kanisa lilikuwa bado changa vijana wa Ubena na Ukinga walipoanza kwenda Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na huku kwetu fedha ilikuwa adimu. Kuanzia mwaka 1944 chombo cha waajiri kilichoitwa SILABU kiliwakusanya na kuwasafirisha. Walihesabiwa kwa namba, ndipo wakaitwa manamba. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi, na siku ambayo mtu hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa.

Wengine walirudi na mablanketi, hata baiskeli. Wengine hawakurudi. Wake zao walilima peke yao, wakaleta watoto ubatizoni peke yao, na wazee wa kanisa (tukiri hili) waliwahoji juu ya ndoa kabla ya kuwauliza kama wana chakula.

Nilipoanza uchungaji, bibi mmoja alikuwa angali akingoja. Aliniomba nimwandikie mumewe. Niliandika mara mbili. Majibu hayakuja, naye hakuacha kuniuliza kila Jumapili.