Laini Ikiwa Ugenini

Ukivuka Mutukula kwenda Kampala na laini yako ya Tanzania, simu ikaendelea kushika mtandao, huduma hiyo mitaani tunaiita romingi. Wapo walioitafsiri "uzururaji", na hilo silikubali hata kidogo. Kwetu uzururaji ni kosa la jinai, mtu hukamatwa kwalo. Laini iliyovuka mpaka inajulikana kwao ni wapi, na ina mdhamini.

Ndani yake mna namba, kwa kawaida ya tarakimu 15, ambayo siyo ile unayowapa watu. Tatu za mwanzo hutaja nchi: 640 ni Tanzania, 639 Kenya, 641 Uganda. Ukiwasha simu Kampala, mtandao wa pale huisoma, huiona 640, kisha huuliza Tanzania: huyu ni wenu, na mmemruhusu? Ukijibiwa ndiyo humpokea, na gharama mitandao hiyo miwili hudaiana yenyewe. Sasa mtu wa Mwanza akikupigia, simu yake hufikia kwanza mtandao wako wa Tanzania, nao ndio unaoivusha hadi Uganda. Kipande hicho cha pili unakilipia wewe. Ndiyo maana salio huweza kukatwa hata kwa kupokea tu. Makato ya namna hiyo ndiyo Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuyaondoa baina yao mwaka 2014, na zilifanya jambo la maana sana kwa wasafiri.

Tafsiri nyingine, "huduma ya nje ya nchi", ni afadhali, ila inapima alipo mtu. Ukinunua laini ya Kenya ukiwa Nairobi, wewe uko nje, laini iko kwao. Namanga, upande wetu, simu inaweza kunasa mnara wa Kenya hujavuka hata hatua moja. Na simu ya laini mbili huweza kuwa na moja kwao na nyingine ugenini, kwa wakati uleule.

Kwa hiyo mimi nasema "huduma ya ugenini". Mpira umeshatuzoesha nyumbani na ugenini, hakuna wa kufafanuliwa. Tena neno linazaa: mtandao wa nyumbani, mtandao mwenyeji, bando la ugenini. Mkazi wa Namanga akisoma kwenye kioo "Laini yako iko ugenini, kupokea simu kunatozwa", atajua azime nini kabla salio halijaisha.