Wakaliwood
Wakaliwood ni jina la utani la Ramon Film Productions, studio ya Isaac Nabwana iliyoko mtaa wa Wakaliga, Kampala. Filamu yake *Who Killed Captain Alex?* (2010) inatajwa kugharimu chini ya dola 200. Kompyuta zimeungwa kwa vipuri vya mitumba, bunduki ni za vyuma chakavu, na damu bandia hupasuka kutoka kwenye kondomu. Maneno ya VJ Emmie, anayetania na kushangilia juu ya picha, ni nusu ya utamu.

Mwaka 2007, Robert Rodriguez na Quentin Tarantino walitumia mamilioni kutengeneza *Grindhouse*, filamu mbili kwa tiketi moja, wakiichakaza picha makusudi ili kuenzi sinema za kutisha za bei poa. Nabwana hakuhitaji kuuigiza uchakavu huo.

*Crazy World* yake ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2019, katika kitengo cha usiku wa manane.