Umekaa Wapi na Wapi?

Ukipanda basi la Tanga au matatu ya Malindi, jirani yako wa kiti atakuuliza mapema: "Kwenu wapi?" Utamtajia kijiji ambacho pengine hujalala hata usiku mmoja kwa miaka kumi. Jibu ni la kweli, maana kwetu ni palipozikwa wazee wetu. Lakini mtafiti anayesaka chanzo cha maradhi halimfai. Yeye anataka kujua umekaa wapi na wapi, tangu lini hadi lini, ukivuta hewa gani, ukinywa maji ya kisima kipi. Saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto huweza kujitokeza miaka 20 hata 50 baada ya mtu kuvuta vumbi lake. Ukiandika anwani ya leo tu, umeandika mahali ugonjwa ulipomkuta, si ulipomwanzia.

Nchini Denmark mgonjwa huenda asiulizwe kabisa. Tangu 1968 kila mkazi ana namba yake katika daftari kuu la watu, na anayehama sharti aiarifu manispaa. Mwaka 2001 Ole Raaschou-Nielsen na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia watoto 1,989 waliopata saratani na 5,506 wasioipata, kuanzia miezi tisa kabla ya kuzaliwa. Zilipatikana anwani 18,440, na kwa kila moja wakakadiria moshi wa magari uliofika mlangoni. Hawakuona kwamba moshi huo ulizidisha saratani ya damu. Ninaloliheshimu zaidi katika kazi ile ni kwamba anwani hazikutegemea kumbukumbu ya mzazi yeyote. Mama wa mtoto mgonjwa hukesha akichimba ya nyuma, akitafuta kosa lilikuwa wapi. Mama wa mtoto mzima hana sababu ya kuchimba. Ukilinganisha majibu yao, huenda unalinganisha uchungu wao tu.

Hata hivyo, daftari hilo linaishia mlangoni. Halijui kama mtoto alishinda kwa bibi yake, wala kama jikoni kulikuwa na mafiga ya kuni. Kwetu moshi wa ndani huweza kuushinda wa barabarani, kwa hiyo daftari la namna hiyo lingetuonyesha nyumba na kutuficha sumu.

Huku kwetu tumejenga desturi nyingine. Ifakara tangu 1996, Kilifi tangu 2000, na baadaye Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, wadadisi wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba, mzunguko baada ya mzunguko, wakiandika aliyezaliwa, aliyefariki, aliyehamia na aliyehama. Ni kazi ya miguu na subira, na imetufundisha mengi. Lakini anayevuka mpaka wa eneo huandikwa "amehama", na mara nyingi habari zake hukoma hapo. Mpangaji wa Viwandani, ukutani mwa viwanda, akihamia mtaa mwingine huondoka na mapafu yaleyale.

Inabaki kumwuliza mwenyewe, na hapa nadhani tunaudharau utajiri tulio nao. Watu wachache watakuambia walihama mwezi gani, mwaka gani. Lakini mwulize kama ilikuwa kabla ya mvua za El Niño au baada yake. Mzee wa Tanzania mwulize kuhusu Operesheni Vijiji au vita vya Kagera. Mwanamke atakwambia, "Nilihama nikiwa na mimba ya huyu wa pili," na cheti cha kliniki cha mtoto kitakupa mwaka. Akishaanza hatakomea kwenye tarehe: atakutajia kisima, paa lililovuja, harufu ya usiku. Ndiyo, atasahau vyumba alivyokaa miezi miwili, na pengine atakificha kile alichofukuzwa kwa kodi. Basi mdadisi arudi tena, akae, asikilize.

Japani inaonyesha kwamba hata kumbukumbu nzuri za serikali hazimwokoi mtu pale mpaka unapochorwa vibaya. Kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini Minamata hadi 1968. Sheria ya fidia ya 2009 ilitegemea sana kama mtu aliishi ndani ya maeneo yaliyotajwa kwa mwaka mmoja au zaidi. Samaki wenye zebaki hiyo walikuwa wamevuka mipaka hiyo, baharini na mabegani mwa wachuuzi. Septemba 2023 mahakama ya Osaka iliwatambua walalamikaji wote 128, wengi wao wakiwa wamehama zamani, baada ya kuangalia walikula samaki wa wapi.

Hapo ndipo moyo wangu unaporudi Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya madini ya risasi iliyotoka humo. Lakini mtaa ule ni wa wapangaji. Kiwango cha madini ya risasi katika damu hupungua kwa nusu kwa takriban mwezi mmoja, ilhali katika mifupa hukaa miaka mingi. Aliyepanga chumba pale mwaka 2009, akahama kabla vipimo havijaanza, huenda damu yake ikaonekana haina neno. Mdadisi akifika mlangoni kwake leo na kumwuliza kwao wapi, atajibu Kitui, au Kakamega, na fomu itajazwa hivyo.