Bunduki ya Marisau na Nyama ya Bata: Historia ya Fatwa Moja kutoka Baghdad hadi Katavi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Mvua za masika zinapoyajaza Ziwa Katavi, Ziwa Chada na mabwawa ya mto Katuma, na maji yanapotanda katika bonde la Rukwa, bata wa mwituni hushuka kwa makundi. Wapo bata wadogo wapigao mluzi usiku juu ya mashamba ya mpunga, na wapo bata bukini wakubwa, mmoja wao akiwa na mwiba katika kila bawa. Muislamu wa Mpanda mwenye kibali cha kuwinda hutaka kujua anunue bunduki gani ya marisau, na siku hizi hutajiwa ile inayojipakia yenyewe kila inapopigwa. Swali lake lina haki ya kujibiwa. Lakini liko swali lililotangulia, ambalo wanachuoni wamelishughulikia kwa karne nyingi: je, ndege huyo akishaanguka amekufa, ni nyama au ni mzoga? Asiyelijua jibu la swali hili la pili hawezi kuchagua vizuri katika lile la kwanza.

Asili ya neno

Tuanze na maneno yenyewe. Bunduki, risasi na baruti yote matatu yametufikia kwa njia ya Kiarabu. Bunduq kwanza ni jina la kokwa ndogo ya mviringo. Kisha likawa jina la kidonge cha udongo kilichokaushwa na kurushwa kwa upinde kuwapiga ndege. Baruti ilipoenea, jina likahamia kwenye silaha ya moto. Risasi, kwa asili, ni ile madini nzito laini ambayo vidonge vipya vilitengenezwa kwayo. Kwa hiyo msomaji akikuta neno bunduq katika kitabu cha fiqhi cha karne ya saba Hijria, asidhani kwamba linakusudia bunduki hii ya leo. Wengi wamekosea hapo.

Uwindaji wa ndege kwa kidonge cha udongo ulikuwa mchezo mkubwa wa watu wa Iraq. Khalifa Nasir li-Dinillah, aliyetawala Baghdad kuanzia mwaka 575 hadi 622 Hijria (1180 hadi 1225), aliupenda na kuuingiza katika taratibu za futuwwa. Wapigaji walikuwa na orodha ya ndege wakubwa kumi na wanne waliohesabiwa kuwa ni fahari kuwapata, na bata bukini alikuwa miongoni mwao. Basi suala la bata na kidonge si geni hata kidogo.

Msingi wa hukumu

Katika Suratul Maida, aya ya 3, Mwenyezi Mungu ameharamisha nyamafu, na akamtaja pamoja naye mauqudha, yaani mnyama aliyekufa kwa kupigwa na kitu kizito. Adiy bin Hatim (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mi'radh, fimbo yenye ncha inayorushwa. Akajibiwa kwamba kilichotobolewa kwa ncha kiliwe, na kilichopigwa kwa ubavu wake kisiliwe, kwani hicho ni mauqudha. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kutokana nayo wanachuoni wakapata kanuni: kinachohalalisha ni makali yanayotoboa na kutoa damu, na kinachoharamisha ni uzito unaoponda.

Kidonge cha udongo hakina makali, kwa hiyo ndege aliyeuawa nacho haliwi. Likabaki suala la kumpiga tu. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki 660 Hijria) alikataza. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) aliruhusu, na katika sharhe yake ya Sahih Muslim akaeleza sharti lake: iwe ni kwa ndege wakubwa ambao aghalabu kidonge hakiwaui, bali huokotwa wakiwa hai na kuchinjwa. Izingatie vizuri kauli hii. Kwake, silaha ni chombo cha kumwangusha ndege, na kisu ndicho kinachohalalisha.

Baruti ilipokuja

Silaha ya moto iliwakuta wanachuoni bila ya kauli ya waliotangulia, nao wakagawanyika.

Katika Mashafii, Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 Hijria) aliona katika Tuhfa kwamba kupiga kwa bunduq ya moto ni haramu, kwa kuwa huunguza na aghalabu huua mara moja. Akataja kauli ya baadhi ya waliokuja nyuma kwamba yaweza kujuzu kwa fundi ajuaye kuwa atapiga mfano wa bawa la ndege mkubwa, ili amzuie tu. Katika Mahanafi, Ibn Abidin (aliyefariki 1252 Hijria) alisema kwamba risasi hujeruhi kwa kuunguza na kwa uzito unaotokana na nguvu ya kurushwa, wala haina makali, basi haihalalishi. Akanukuu kwamba hiyo ndiyo fatwa ya Ibn Nujaym.

Wamaliki wa Maghrib walielekea upande mwingine. Dasuqi (aliyefariki 1230 Hijria) ameeleza kwamba waliotangulia hawakuacha kauli kwa sababu jambo ni jipya, na kwamba kundi la wanachuoni wa Fas, akiwemo Abdulqadir al-Fasi, walihalalisha. Hoja yao ni kuwa risasi humwaga damu na kummaliza mnyama haraka, na hayo ndiyo makusudio ya kuchinja. Huko Yemen, Shawkani (aliyefariki 1250 Hijria) aliandika katika tafsiri yake kwamba bunduki hizi hazikufika Yemen ila katika karne ya kumi Hijria, na kwamba aliulizwa kuhusu windo lililokufa kabla ya kuchinjwa. Akaona ni halali, kwa sababu risasi hutoboa, ikaingia upande mmoja na mara nyingi ikatokea upande wa pili.

Pande zote zinaikubali hadithi ya Adiy. Tofauti yao ni katika kuifahamu risasi: je, inatoboa au inaponda?

Bunduki na risasi zafika Katavi

Karne ya kumi na tisa misafara kutoka pwani ilipita Tabora kwenda Ujiji na Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ilibeba nguo na shanga, na pia magobori na baruti. Kwa njia hizo hizo Uislamu ukajenga makao Tabora na Ujiji, na vitabu vya Kishafii vikafuata. Kwa hiyo silaha na madhehebu ya kuihukumu vilisafiri katika njia moja.

Mpanda yenyewe ina nasaba na risasi. Mji ulikua kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi, na tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa ili kuyasafirisha madini hayo. Mgodi ulikwisha, reli ikabaki. Mwaka 1974 Katavi ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 2012 mkoa wa Katavi ukamegwa kutoka Rukwa. Ndani ya hifadhi hakuna kuwinda. Nje yake, mwenye kuwinda hufuata Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na mwenye silaha hufuata sheria ya silaha ya mwaka 2015. Kuzitii ni wajibu, kwani ni katika maslahi ya umma.

Inayojipakia yenyewe

Bunduki ya marisau ya aina hii iliyoenea kwanza ni ya John Browning, iliyoanza kutengenezwa na kiwanda cha FN nchini Ubelgiji mwaka 1902. Ndani yake, mtutu hurudi nyuma kwa nguvu ya mlipuko, ukatoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Baadaye zikaja zinazotumia gesi ya baruti, kama Remington 1100 ya mwaka 1963, ambazo humsukuma mpigaji begani kwa upole zaidi lakini hushika masizi na zinahitaji kusafishwa mara kwa mara. Nyingine, kama za Benelli, hutumia springi ndani ya kifungio. Hizo huvumilia zaidi vumbi na tope, ingawa teke lake ni kali. Geji 12 hubeba marisau mengi na humfaa bata bukini. Geji 20 ni nyepesi na yawatosha bata wadogo wa karibu.

Uzuri wa bunduki hii ni kwamba mwili hautikisiki sana, na shabaha ya pili huwa nzuri. Hatari yake ni wepesi huo huo. Mafakihi walijadili mishale miwili zamani: wa kwanza ukimvunja ndege bawa akashindwa kukimbia, huyo ametoka katika hukumu ya windo na kuwa kama kuku wa nyumbani, hahalaliki ila kwa kuchinjwa. Mshale wa pili ukimuua, ni haramu. Basi mwenye bunduki inayojipakia, akimwona bata anatapatapa ardhini mbele yake, kidole kitamtamani kupiga tena. Kwa pigo hilo moja la haraka, nyama iliyokuwa karibu kuwa halali huwa mzoga.

Kisha kuna maji. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Adiy kwamba windo likikutwa limezama majini lisiliwe, kwani haijulikani limeuawa na maji au na mshale. Nawawi ameeleza katika Rawdha kwamba ndege wa maji aliyepigwa akiwa juu ya maji, maji kwake ni kama ardhi. Ama aliyepigwa nje ya maji kisha akaanguka ndani yake, ana kauli mbili. Hayo ni kwa aliyepigwa kwa chombo chenye kuhalalisha. Mwindaji wa Katuma na Rukwa asipige, basi, pale ambapo hawezi kumfikia ndege upesi.

Hitimisho

Kwa Mshafii, na wengi wetu Afrika Mashariki ni Mashafii, lililo salama ni kwamba aliyekutwa na uhai uliotulia achinjwe na aliwe, na aliyekutwa amekufa kwa marisau aachwe. Anayefuata kauli ya Wamaliki au ya Shawkani ana hoja yake, wala hatumwiti mla mizogo. Khilafu hii ni ya wanachuoni.

Kwa hiyo anayechagua asitazame wingi wa risasi. Achague bunduki inayomkaa begani, anayoweza kuipiga kwa uhakika akiwa karibu. Aulize kwanza Polisi na afisa wa wanyamapori, kwani sheria za uwindaji huzitazama kwa ukali zaidi silaha zinazojipakia. Mitutu miwili ya kawaida yaweza kumtosha. Ayaepuke marisau ya risasi penye maji: bata huyameza wakidhani ni changarawe, yakawaua kwa sumu, na ndiyo maana Marekani iliyapiga marufuku katika uwindaji wa ndege wa maji mwaka 1991. Ya chuma ni mepesi zaidi, hivyo apige karibu zaidi, na ahakikishe mtutu wake unayafaa. Asimfanye kiumbe hai kuwa shabaha ya mchezo, kwani Mtume (s.a.w.) amemlaani afanyaye hivyo. Ataje jina la Mwenyezi Mungu kila anapopiga, na kisu kikali kiwe kiunoni kabla bunduki haijawa begani.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.