Ethanoli kama mafuta ya magari: faida na hasara zake nchini Malawi

Malawi haina pwani wala visima vya mafuta. Petroli yake hununuliwa ng'ambo, hupitia bandari za nchi jirani, zikiwemo Tanzania na Msumbiji, na hulipiwa kwa fedha za kigeni ambazo mara nyingi ni haba. Fedha hizo zinapokosekana, foleni hurefuka katika vituo vya mafuta. Kwa sababu hiyo, nchi hiyo ilianza mwaka 1982 kuchanganya petroli na ethanoli inayotengenezwa nyumbani.

Ethanoli ni kileo kilekile kilichomo katika pombe. Nchini Malawi hutokana na molasi, majimaji mazito meusi yanayobaki baada ya sukari kutolewa katika miwa. Molasi huchachushwa kwa hamira, hukenekwa, kisha ethanoli inayopatikana hukaushwa maji. Kiwanda cha kwanza kiko Dwangwa, wilayani Nkhotakota, karibu na Ziwa Nyasa. Cha pili kilianza kazi mwaka 2004 wilayani Chikwawa, kusini mwa nchi.

Faida ya kwanza ni kupunguza petroli inayoagizwa. Ya pili ni kwamba ethanoli ina oktani kubwa, hivyo huzuia injini kugonga. Kazi hiyo zamani ilifanywa na madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Ya tatu, ethanoli ina oksijeni ndani yake, jambo linalosaidia mafuta kuungua vizuri na kupunguza gesi yenye sumu ya monoksidi ya kaboni.

Hasara nazo zipo. Lita moja ya ethanoli ina takribani theluthi mbili tu ya nishati ya lita ya petroli; gari linalotumia mchanganyiko wa asilimia 10 hupoteza kama asilimia 3 ya mwendo wake kwa kila lita. Aidha, ethanoli huvuta maji. Maji yakizidi katika tangi, hujitenga na petroli na kuzama pamoja nayo, na gari huweza kuzimika njiani. Katika magari ya zamani huweza kuharibu mipira na kutia kutu vyuma. Viwanda navyo hutoa maji machafu mengi kuliko ethanoli yenyewe. Yakiachiwa mtoni bila kusafishwa, huua samaki.

Lipo pia suala la chakula. Marekani hutengeneza ethanoli yake hasa kwa mahindi, nafaka ambayo Wamalawi huitegemea kwa mlo wa kila siku. Molasi haimpunguzii mtu chakula, kwa kuwa ni masalio ya sukari. Lakini kwa sababu hiyohiyo, haiwezi kuzidi kiasi cha miwa inayosagwa. Mavuno yakipungua, nayo hupungua. Kupanua mashamba ya miwa ili kuiongeza kungehitaji ardhi na maji ambayo wakulima wa mahindi nao wanavihitaji.

Kwa hiyo, ethanoli ya molasi huisaidia Malawi kuirefusha petroli yake, lakini haiwezi kuchukua nafasi yake.