Kutoka kwa Mhariri hadi "Hariri": Mamlaka ya Uhariri katika Matini za Kiswahili Mtandaoni

Msomaji wa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, alikuwa pia mwandishi wake. Mashairi, barua na habari za wilayani zilitumwa Dar es Salaam, zikasomwa na mhariri, kisha zikachapishwa au zikaachwa. Kwa hiyo, si sahihi kudai kwamba intaneti ndiyo iliyompa Mswahili wa kawaida nafasi ya kuandika. Ilichobadili ni mfuatano wa hatua: uhariri, ambao zamani ulitangulia uchapishaji, sasa unaufuata.

Badiliko hilo ni la zamani kuliko mitandao ya kijamii. Mwaka 1994, Martin Benjamin, akiwa Chuo Kikuu cha Yale, alianzisha kamusi ya Kiswahili ya intaneti ambayo watumiaji wake waliweza kuichangia vidahizo. Mwaka 2003 ikafuata Wikipedia ya Kiswahili. Neno wiki, ambalo Ward Cunningham aliliazima kutoka Kihawaii mwaka 1995, lina maana ya haraka. Kwa Mswahili ni siku saba, na zipo makala zilizosubiri masahihisho kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Juu ya ukurasa wa Wikipedia pana kitenzi cha amri: Hariri. Shina lililozoeleka katika mhariri, jina la cheo, limekuwa mwaliko kwa yeyote. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilipitisha lugha ya vitabu vya shule kabla havijachapwa. Hapa hakuna wa kupitisha. Kompyuta na tarakilishi hukutana bila mwamuzi. Wala wingi wa milango hauleti waandishi wa kudumu: shindano la Google kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania, la 2009 hadi 2010, liliongeza makala, lakini washiriki wengi hawakuendelea baada ya zawadi.

Hata hivyo, watafiti wa usanifishaji wanakosea wanapozisoma makala hizo kama matini zilizokamilika, kwani data yenye thamani imo nyuma yake. Nakala iliyochapwa ya Mambo Leo haionyeshi mhariri alifuta nini. Kichupo cha Historia huonyesha neno lililofutwa, lililochukua nafasi yake, na tarehe.