Njia ya Nyongo: Mahali Ambapo Dawa Inaweza Kugeuka Sumu kwa Ini

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na karibu kila dawa inayomezwa hulipitia kabla ya kusambaa mwilini. Damu inayotoka tumboni na kwenye utumbo huingia kwanza katika ini, ambako seli huibadili dawa, kuipunguza nguvu na kuiandaa kutolewa kwa njia ya mkojo au nyongo. Kazi hiyo ndiyo inayoliweka ini hatarini kuliko viungo vingine. Baadhi ya dawa huzidhuru seli moja kwa moja kwa mabaki yake yenye sumu. Utafiti wa miongo mitatu iliyopita, hata hivyo, umefafanua njia nyingine iliyojificha zaidi: dawa huziba mlango ambao seli ya ini hutolea nyongo, na sumu inayoliharibu ini ikawa ni nyongo ya mgonjwa mwenyewe.

Kila anayechinja kuku anajua kwamba nyongo ikipasuka, maini na nyama iliyo jirani huwa chungu na hakuna kuosha kutakakosaidia. Uchungu huo kwa sehemu kubwa hutokana na asidi za nyongo, ambazo ini huzitengeneza kutokana na kolesteroli. Kwa binadamu zile za msingi ni mbili, asidi ya koliki na asidi ya kenodeoksikoliki. Kazi yake katika utumbo inafanana na ya sabuni kwenye sahani yenye mafuta. Huyavunja mafuta ya chakula katika matone madogo ili yaweze kumeng'enywa, na bila hizo mwili hushindwa kufyonza vyema vitamini A, D, E na K.

Sabuni hiyo haichagui mafuta ya kuvunja. Utando unaoizunguka kila seli nao umejengwa kwa mafuta, hivyo asidi za nyongo zikilundikana ndani ya seli ya ini huushambulia utando na kuivuruga mitambo midogo inayozalisha nishati, hadi seli kufa. Ndiyo maana mwili huziendesha katika mzunguko wenye ulinzi mkali. Takriban asilimia 95 ya asidi zinazomwagwa katika utumbo hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudishwa katika ini kwa njia ya damu, kisha hutumika upya. Akiba yote ya mwili ni gramu chache tu, lakini huzunguka mara kadhaa kwa siku. Kiasi kinachopotea kwa njia ya kinyesi, karibu nusu gramu kwa siku, ndicho ini hutengeneza upya.

Katika kila seli ya ini mzunguko huo hutegemea milango miwili. Upande unaogusana na damu ipo protini inayoingiza asidi za nyongo, inayojulikana kwa kifupi cha NTCP. Upande wa pili, unaoelekea kwenye vijifereji vya nyongo, ipo pampu inayozisukuma nje, inayoitwa BSEP. Pampu hiyo ilitambuliwa mwaka 1998, na umuhimu wake ulithibitishwa kwa njia ya kusikitisha. Mwaka huohuo wanasayansi walibaini kuwa kasoro katika jeni inayoiunda husababisha ugonjwa wa kurithi unaowapata watoto wachanga, ambao macho yao huwa ya manjano, hujikuna usiku na mchana, na wengi wao ini hujaa makovu wakiwa bado wadogo. Ugonjwa huo ulionesha bayana kuwa pampu moja isipofanya kazi, ini zima huangamia hata kama sehemu zake nyingine zote ni nzima.

Swali lililofuata lilikuwa dhahiri. Je, dawa inaweza kumfanyia mtu mzima kile ambacho kasoro ya jeni humfanyia mtoto? Mfano uliochunguzwa sana ni wa troglitazoni, dawa ya kisukari iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1997 na kuuzwa kwa jina la Rezulin. Katika majaribio ya awali, karibu wagonjwa 2 kati ya kila 100 walionesha kupanda kwa vimeng'enya vya ini zaidi ya mara tatu ya kiwango cha kawaida. Baada ya dawa kufika kwa umma, taarifa za watu walioshindwa kabisa na ini zilianza kumiminika. Uingereza iliacha kuitumia kabla ya mwaka 1997 kwisha, na Marekani iliiondoa sokoni Machi 2000. Uchunguzi wa maabara ulionesha kuwa troglitazoni, na hasa zao lake linalotengenezwa ndani ya ini lenyewe, huizuia pampu ya BSEP. Inaaminika kuwa huo ulikuwa mmoja wa mikondo iliyosababisha madhara hayo, ingawa si wa pekee.

Sababu ya majaribio ya wanyama kutolifichua tatizo mapema inastahili kuelezwa, kwa kuwa inagusa dawa nyingi. Asidi za nyongo za panya ni tofauti na za binadamu. Huyeyuka zaidi katika maji na sumu yake kwa seli ni ndogo, hivyo panya aliyezibiwa pampu anaweza kuendelea kuonekana mzima. Dawa iliyoonekana salama kwa panya haikuwa lazima iwe salama kwa mgonjwa. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wa dawa sasa huipima dawa mpya dhidi ya pampu ya binadamu katika maabara kabla ya kuijaribu kwa watu. Bosentani, inayotibu shinikizo la juu la damu katika mishipa ya mapafu, ni miongoni mwa dawa zinazoizuia pampu hiyo. Imebaki katika matumizi kwa sharti kwamba mgonjwa apimwe ini kila mwezi.

Si kila madhara ya ini hupitia njia ya nyongo. Parasetamoli, iliyo karibu katika kila nyumba, huliumiza ini kwa zao lake lenye sumu ambalo kwa dozi ya kawaida hudhibitiwa na akiba ya kinga ndani ya seli. Mtu mzima akizidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, akiba hiyo inaweza kuelemewa. Kiuasumu chake, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi kikitolewa ndani ya saa 8 tangu dozi kubwa kumezwa, wakati ambao mgonjwa mara nyingi hajaanza kujisikia vibaya.

Kwa Tanzania, iliyomo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, suala hili lina uzito wa pekee. Tiba ya kawaida ya ugonjwa huo huchukua miezi sita: miezi miwili ya dawa nne, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Kati ya dawa hizo nne, tatu zinaweza kulidhuru ini, nazo ni isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Ethambutoli haina sifa hiyo. Isoniazidi huwaathiri zaidi watu ambao, kwa maumbile ya kurithi, ini lao huivunja polepole. Rifampisini nayo huizuia pampu ya BSEP na inaweza kuzuia pia kutolewa kwa bilirubini, lakini madaktari huitumia dawa hiyohiyo kupunguza muwasho wa wagonjwa wenye nyongo iliyoziba, kwa sababu huamsha vimeng'enya vinavyosaidia kuondoa mabaki mwilini. Dawa moja kuwa na sura mbili namna hiyo si jambo la ajabu katika famasia.

Rifampisini huubadili mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo ambalo halina madhara na ambalo mgonjwa anapaswa kuelezwa siku ya kwanza asije akaacha dawa kwa hofu. Dalili za hatari ni nyingine: mkojo mweusi kama chai ya rangi, kinyesi kilichopauka, macho kuwa ya manjano, kichefuchefu kisichoisha, au maumivu chini ya mbavu za kulia. Mwenye dalili hizo anatakiwa kufika kituo cha afya siku hiyohiyo. Daktari marehemu Hyman Zimmerman wa Marekani alionya kuwa vimeng'enya vya ini vikipanda kutokana na dawa na macho yakawa ya manjano kwa wakati mmoja, angalau mgonjwa mmoja kati ya 10 anaweza kufariki. Kanuni hiyo bado inatumika kuamua hatima ya dawa mpya.

Kwa kawaida wataalamu husitisha dawa za kifua kikuu iwapo vimeng'enya vimefika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida na dalili zipo, au mara tano hata bila dalili. Ini likishatulia, dawa hurejeshwa moja baada ya nyingine, na pirazinamidi huweza kuachwa kabisa iwapo madhara yalikuwa makubwa. Uamuzi huo si wa kufanywa nyumbani. Anayeacha dawa mwenyewe huliokoa ini lakini hukipa kifua kikuu nafasi ya kurudi kikiwa sugu, na anayeendelea kumeza huku macho yamebadilika rangi huhatarisha uhai wake.

Wenye maambukizi ya VVU hubeba mzigo maradufu. Nevirapini, iliyotumika sana hapo awali, ilikuwa na madhara ya ini yaliyowapata zaidi wanawake walioianza wakiwa na kinga ya juu, na kuhamia kwenye dawa zenye dolutegraviri kumepunguza tatizo hilo. Wajawazito nao wanaweza kuathirika kwa njia inayofanana, kwani homoni za ujauzito huweza kupunguza utokaji wa nyongo. Muwasho wa viganja na nyayo usio na vipele katika miezi ya mwisho ni sababu ya kupimwa, kwa kuwa asidi za nyongo zikizidi maikromoli 100 kwa lita moja ya damu, hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka.

Mlango wa kuingilia nao umeleta habari yake. Mwaka 2012 watafiti wa Beijing wakiongozwa na Wenhui Li walibaini kuwa virusi vya homa ya ini aina ya B huingia katika seli kwa kujishikiza kwenye NTCP, protini ileile inayopokea asidi za nyongo. Ugunduzi huo uliifafanua kazi ya bulevirtidi, dawa inayoufunga mlango huo, ambayo Umoja wa Ulaya uliidhinisha mwaka 2020 dhidi ya homa ya ini aina ya D.

Asidi za nyongo zenyewe pia ni dawa. Asidi ya ursodeoksikoliki, ambayo kwa asili hupatikana kwa wingi katika nyongo ya dubu, sasa hutengenezwa viwandani na hutibu baadhi ya magonjwa ya njia ya nyongo. Asidi ya obetikoliki iliidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa matumaini makubwa, lakini mwaka 2021 ilizuiwa kwa wagonjwa wenye makovu makubwa ya ini baada ya baadhi yao kudhurika zaidi.

Miti shamba haimo nje ya hesabu hii. Baadhi ya mimea ya jamii moja na marejea ina kemikali zinazoziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini, na mgonjwa anayeichanganya na dawa za hospitali bila kusema humfanya daktari ashindwe kujua chanzo. Taarifa za madhara ya dawa nchini hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambako watoa huduma hutumia fomu ya njano. Taarifa yenye manufaa hutaja kila kilichomezwa, zikiwemo dawa za asili na zile zilizonunuliwa dukani, pamoja na tarehe ya kuanza kila kimoja, kwa kuwa madhara ya ini mara nyingi hujitokeza wiki au hata miezi kadhaa baada ya dozi ya kwanza.